Mizani tupu ilisoma kilo 7,989: tuzungumzie majaribio ya msimbo wa kerneli

#1 Fundi Mizani (Chikongola, Mtwara)

Habari za jioni wakuu.

Nimeweka uzi huu mapema, kabla maghala hayajaanza kupokea korosho, kwa sababu najua humu tupo wengi tunaoandika draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, za bodi ndogo. Na wengi wetu tunazijaribu kwa njia moja: tunapakia moduli, tunachungulia dmesg (ujumbe unaotolewa na kerneli, yaani kiini cha Linux), namba ikitulia tunasema imekubali. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka msimu uliopita.

Nilifunga mizani nne kwa chama kimoja cha msingi huku kwetu, jina nitaliacha. Kila mizani ina bodi ya ARM inayoendesha Linux, na chini ya sahani kuna seli nne za uzito, kila kona moja, kila seli na chipu yake ya HX711. Kazi ya chipu ni kusoma umeme mdogo sana wa seli na kuutoa kama namba ya biti 24. Draiva niliandika mwenyewe. Niliijaribu sebuleni wiki nzima kwa mawe ya kilo 20 na haikukosea hata mara moja.

Siku ya pili ya kupokea mzigo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karani akanipigia simu. Nilipofika, sahani ilikuwa tupu, imefutwa vumbi, na kioo kinasoma kilo 7,989. Pembeni kuna mzee amesimama na baiskeli yake, gunia bado limefungwa kwa kamba ya mpira. Ameongozana na mjukuu wake tangu alfajiri. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, jana ulipima za jirani yangu kwa hii hii?"

Swali lile sijalisahau. Maana jana nilipima za jirani yake kwa hiyo hiyo, na sikuwa na njia ya kumthibitishia kwamba zilikuwa sahihi.

Sasa tazameni kosa lenyewe. Mizani niliisawazisha mchana, jumla ya seli nne ikiwa 300 bila mzigo. Usiku kulipoa. Asubuhi kona tatu zilisoma 40, 50 na 60, ya nne ikashuka chini ya sifuri ikawa hasi 165. Jumla ya kweli ni hasi 15. Lakini namba hasi ya biti 24 usipoitafsiri vizuri inageuka kuwa chanya kubwa: unakuwa umeiongezea 16,777,216. Jumla ikawa 16,777,201. Toa 300, gawa kwa 2,100 ambayo ndiyo hesabu ya kilo moja kwenye mizani zangu, unapata 7,989. Jibu la haki lilikuwa gramu 150 chini ya sifuri, kitu ambacho karani angebonyeza kitufe cha kusawazisha na kazi ikaendelea.

Chanzo ni tarakimu moja. Kerneli ina fanksheni ya kazi hii, `sign_extend32`, na unaiambia biti ya alama iko wapi. Mimi niliandika 24 kwa kuwa namba ina biti 24. Kumbe biti zinahesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo ni 23. Sebuleni kwangu hakuna seli iliyoshuka chini ya sifuri, ndiyo maana wiki nzima sikuona kitu.

Baada ya pale nikakaa kujifunza KUnit, mfumo wa kuandika majaribio ndani ya kerneli yenyewe. Hoja yangu ni hii: hesabu zote za draiva zitengwe na sehemu inayogusa waya, zipimwe ndani ya kerneli yenyewe kwenye laptopu, kabla bodi haijafika ghalani. Naomba mchango wenu, hasa waliokwisha kuitumia.

#2 Nangurukuru

Mkuu pole sana, na asante kwa kuleta jambo lenye mfano.

Ila nina swali. Hiyo hesabu si ingetosha kuinakili kwenye faili la C la kawaida, ukaikompaili na gcc, ukaijaribu huko nje? Kwa nini uingie kwenye kerneli kwa fanksheni ya mistari miwili?

#3 Fundi Mizani

Mkuu Nangurukuru, ndivyo nilivyofanya mwanzo, na ndipo nilipojikwaa tena.

Ukinakili, unakuwa na hesabu mbili. Leo unarekebisha ya draiva, kesho umesahau ya jaribio, na jaribio linaendelea kukupa kijani kwa msimbo ambao haupo tena kwenye mizani. Halafu `sign_extend32` ya kerneli haipo huko nje, inabidi uiandike upya, na ukiiandika kwa uelewa wako ule ule uliokosea, umepima kosa lako kwa kosa lako. Ukipima ndani, unaita fanksheni ile ile, kwa vichwa vile vile vya kerneli, bila nakala ya pili.

Jaribio lenyewe ni hili, na lingenikamatia kosa siku ya kwanza (`geuza` ni fanksheni yangu inayotafsiri namba ya biti 24):

```
static void jaribu_alama(struct kunit *test)
{
    KUNIT_EXPECT_EQ(test, geuza(0x000000), 0);
    KUNIT_EXPECT_EQ(test, geuza(0x7FFFFF), 8388607);
    KUNIT_EXPECT_EQ(test, geuza(0x800000), -8388608);
    KUNIT_EXPECT_EQ(test, geuza(0xFFFFFF), -1);
}
```

Mistari minne. Sifuri, kilele, shimo la chini kabisa, na moja chini ya sifuri. Mambo huharibikia mipakani, katikati mara nyingi hakuna shida.

#4 Binti Mikindani

Hamjambo. Mimi nafanya kazi za seva ila kerneli naipenda.

Kwa faida ya wanaosoma: KUnit iliingia kwenye Linux toleo la 5.5, Januari 2020. Aliyeianzisha ni Brendan Higgins akiwa Google. Kabla yake majaribio yalikuwepo, lakini kila mtu na mtindo wake. Kulikuwa na kselftest ambayo inaipima kerneli kutoka nje, kwa programu za kawaida zinazoiita. Na kulikuwa na mafaili mengi ndani ya lib yenye majina yanayoanza na test, mengine yanachapisha neno moja kwenye dmesg, mengine yanagoma kupakiwa ili kukuonyesha kwamba yamefeli. Huwezi kuyasoma kwa mashine. KUnit ilileta mpangilio mmoja wa matokeo, unaitwa KTAP, kwa hiyo skripti moja inasoma majaribio ya mfumo wa mafaili, ya mtandao na ya draiva yako, kwa lugha moja.

Na kilichonivutia ni kwamba haihitaji bodi wala mashine pepe. Inatumia UML, yaani kerneli ya Linux iliyokompailiwa iwe programu ya kawaida tu ndani ya Linux yako. Inawaka, inaendesha majaribio, inazima. Ikianguka, imeanguka programu, laptopu yako iko palepale.

#5 Mchinga Mbili

Hapo kwenye UML ndipo napotaka kuelewa. Laptopu yangu ni ya zamani, RAM gigabaiti 4. Na bando ndiyo hivyo tena. Kushusha kerneli nzima si ndiyo mwisho wa mwezi?

#6 Binti Mikindani

Kaka Mchinga, usishushe historia yote. Andika `git clone --depth 1`, unapata toleo la sasa peke yake, bila mabadiliko ya miaka yote tangu hapo nyuma. Au chukua kifurushi kilichobanwa kwenye tovuti ya kernel.org, kinazidi megabaiti 100. Ukishakuwa nacho kimoja, wape na wenzako kwa flashi.

Kukompaili mara ya kwanza kutakuchosha kidogo, weka chai. Lakini `.kunitconfig`, faili la kuchagua vitu vya kukompaili, inawasha vitu vichache mno, si kama kerneli ya Ubuntu yenye draiva za dunia nzima. Mara ya pili inakompaili ulichogusa tu. Amri ni moja, ukiwa ndani ya folda ya kerneli:

`./tools/testing/kunit/kunit.py run`

#7 Mwalimu wa Ligula

Nashukuru kwa mada. Nafundisha vijana umeme na vifaa, nimeshughulika na hizo HX711 miaka kadhaa. Nakubaliana na mleta uzi kuhusu hesabu. Lakini nataka tusiwadanganye vijana.

Chipu ile ina waya mbili tu, wa saa na wa data. Wewe unapandisha na kushusha waya wa saa, kila pigo unapokea biti moja. Biti 24, halafu pigo moja, mawili au matatu ya ziada kuchagua chaneli na ukuzaji wa usomaji ujao. Sasa waya wa saa ukibaki juu zaidi ya maikrosekunde 60, chipu inajizima. Kerneli ikikunyang'anya prosesa wakati waya uko juu, ikaenda kuhudumia kitu kingine, ikirudi chipu imelala na namba uliyosoma ni takataka. Draiva ya HX711 iliyomo ndani ya Linux tangu 2017 inalikabili hilo kwa kuzuia kunyang'anywa prosesa katika kipande hicho kifupi.

Jaribio lako la mistari minne halitaliona kosa hilo hata uliendeshe mara elfu. Ndani ya UML hakuna waya, hakuna saa, hakuna chipu. Kijana akiona kijani kote atasema amemaliza.

Na swali la pembeni: kwa nini hukutumia draiva hiyo iliyopo?

#8 Fundi Mizani

Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa na hoja naikubali bila kona.

Draiva iliyopo inasoma chipu moja. Mizani zangu zina chipu nne zinazotumia waya mmoja wa saa, ili kona zote nne zisomwe kwa wakati mmoja. Mkulima akibwaga gunia upande, kona moja inapata mzigo mwingi na nyingine kidogo, ukizisoma kwa zamu huku gunia linatikisika jumla inayumba. Ndiyo sababu nikaandika ya kwangu.

Kuhusu maikrosekunde 60: hiyo lazima ipimwe kwenye bodi halisi, kwa osiloskopu, huku bodi imelemewa kazi. Sijaiondoa hiyo. Ninachosema ni kwamba kabla ya KUnit nilikuwa natumia siku za bodi kutafuta makosa ya kujumlisha na kutoa. Sasa makosa hayo yanakufa kwenye laptopu, na muda wa bodi nautumia kwa waya.

#9 Nangurukuru

Nimewasoma wote. Mkuu Fundi, umesema utenge hesabu na waya. Lakini kuna kipande cha katikati: ile lupu inayokusanya biti 24 moja moja na kuzipanga. Hiyo ni hesabu, lakini inagusa waya kila mzunguko. Hiyo unaipimaje?

#10 Binti Mikindani

Naomba nijibu hili maana ndipo KUnit ilipoboreshwa kweli kweli.

Zamani ulikuwa huna njia nzuri. Siku hizi kuna kitu kinaitwa stabu tuli, kiliingia kwenye 6.3. Ile fanksheni yako inayosoma waya, tuseme `soma_waya`, unaweka ndani yake, mwanzoni kabisa, mstari mmoja wa `KUNIT_STATIC_STUB_REDIRECT`. Kwenye jaribio unasema: kuanzia sasa, anayeita `soma_waya` apelekwe kwa `waya_bandia`. Na `waya_bandia` inatoa biti unazotaka wewe, kwa mfuatano unaoutaka. Lupu haijui kama imedanganywa. Jaribio likiisha, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Na kerneli ya mizani ambayo haina KUnit, mstari ule unayeyuka wakati wa kukompaili, haubebi uzito wowote.

Vilevile kuna majaribio yenye vigezo: unaandika jaribio moja na jedwali la namba, linajirudia kwa kila safu. Na ukihitaji memori ndani ya jaribio tumia `kunit_kzalloc`, inajifuta yenyewe jaribio likiisha hata kama limefeli katikati.

Jambo dogo ila linawasumbua wengi: tofautisha EXPECT na ASSERT. EXPECT ikifeli inaandika na kuendelea. ASSERT ikifeli jaribio linakatwa hapo hapo. Kama umeomba memori, tumia ASSERT kuhakikisha imepatikana, maana ukiendelea na anwani tupu utaiangusha kerneli nzima ya majaribio, na matokeo ya wengine hutayaona.

#11 Mchinga Mbili

Nimeendesha. Imechukua muda kweli mara ya kwanza lakini imefika. Mara ya pili nimehesabu, haijafika hata dakika. Asante dada.

#12 Fundi Mizani

Hongera mkuu.

Kabla sijasahau, niwaeleze kosa la pili, hili lilikamatwa na majaribio na halikufika ghalani.

Ghala moja liliniagiza mizani ya jukwaa ya tani 2. Safari hii hesabu ya gramu niliiweka ndani ya draiva, kwa kuwa taa nyekundu ya kuzidisha uzito inawashwa na draiva yenyewe. Ndani ya kerneli hutumii namba za desimali, kwa hiyo unazidisha kwa 1,000 kwanza ndipo ugawe kwa 2,100. Kwenye mizani ndogo ya kilo 300 hilo halina tatizo. Nikaweka safu ya kilo 1,500 kwenye jedwali la majaribio, likarudi na uzito hasi. Namba ya biti 32 yenye alama inaishia 2,147,483,647. Ukigawa kwa elfu na kwa 2,100 unaona kabisa kwamba ikipita kilo 1,022 inafurika. Mawe ya kupimia niliyonayo hayafiki hata kilo 200 nikiyajumlisha yote. Ningeligundua wapi hilo? Kwa mzigo wa watu.

Nikabadilisha iwe biti 64. UML ikatoa kijani kote. Nikaenda kukompaili kwa ajili ya bodi, ikagoma: inalalamika haioni `__aeabi_ldivmod`.

#13 Mwalimu wa Ligula

Bodi ni ya biti 32, siyo?

#14 Fundi Mizani

Ndiyo mwalimu. Laptopu ni biti 64, alama ya kawaida ya kugawa inatosha. ARM ya biti 32 haina kigawanyio hicho, kompaila anaomba msaada kwenye maktaba ambayo kerneli haibebi. Dawa ni kutumia `div_s64`. Lakini somo nililopata ni kwamba UML peke yake haikutosha, kwa sababu UML ni laptopu yako tu iliyovaa nguo za kerneli. Sasa kila siku naendesha mara mbili, mara ya pili kwa QEMU ikiigiza ARM:

`./tools/testing/kunit/kunit.py run --arch=arm --cross_compile=arm-linux-gnueabihf-`

Inachelewa zaidi ya UML, ila inakompaili kwa kompaila yule yule wa bodi.

#15 Nangurukuru

Je, majaribio uyaache ndani ya kerneli ya mizani ili yajipime kila inapowaka? Mimi naona ingekuwa salama zaidi.

#16 Binti Mikindani

Hapana kaka. Kerneli inayopeleka kazi kwa wananchi izimwe KUnit. Majaribio yanaruhusiwa kufanya mambo ya hatari, mengine yanavuruga makusudi ili kuona ulinzi unashika. Kerneli yenyewe ikiendesha jaribio inajiwekea alama kwamba imechafuka, herufi N, ili mtu akileta ripoti ya hitilafu ijulikane.

Kwenye bodi ya karakana sawa, kompaili kama moduli, pakia, matokeo utayasoma kwenye debugfs (mafaili ya kuchunguzia kerneli) ndani ya folda ya kunit.

#17 Mwalimu wa Ligula

Naongeza moja tu. Pamoja na hizo, washeni KASAN mnapoendesha majaribio kwa QEMU. Inakuonyesha ukisoma memori nje ya mpaka, hata kama jibu limetoka sahihi kwa bahati. Kijana wangu mmoja alikuwa na safu ya kona nne na lupu inayofika ya tano, na kwa miezi mitatu ilikuwa inatoa uzito sahihi.

Na nasema wazi, nimebadili msimamo kidogo. Muhula ujao nitaanza na majaribio kabla ya kuwapa waya.

#18 Mchinga Mbili

Wakuu nimekwama. Nimeweka draiva yangu mwenyewe ya mizani ya samaki, naandaa kwa ajili ya soko la huku Lindi. Kunit.py inasema kuna chaguo kwenye `.kunitconfig` halikuingia kwenye usanidi wa mwisho, halafu inasimama. Nimelirudia mara nne, nimehakikisha tahajia.

#19 Fundi Mizani

Mkuu, tahajia haina kosa. Chaguo lako linategemea kitu ambacho UML haina. Angalia Kconfig ya draiva yako, lile faili la kutangaza chaguo na vinavyotegemewa, bila shaka umeandika inategemea HAS_IOMEM. UML kwa kawaida haina memori ya vifaa, kwa hiyo draiva nzima inaachwa nje na jaribio lako linaachwa nayo.

Njia ni ile ya post ya kwanza. Chukua `geuza`, jumla ya seli na hesabu ya gramu, ziweke kwenye faili lake peke yake, lenye chaguo lake la Kconfig lisilotegemea waya wowote. Draiva iombe faili hilo. Jaribio nalo liombe faili hilo hilo. Ukikwama tuma hapa faili lote la Kconfig, usikate kipande.

#20 Mchinga Mbili

Imekubali. Nimetenga kama ulivyosema.

Majaribio nane, saba yamepita, moja limefeli. `geuza(0x800000)` imetoa 8388608 na lilitarajia hasi 8388608. Nimefungua msimbo, nimekuta nimeandika 24.

Mizani ya kwanza ipo sokoni tangu Jumanne. Kesho alfajiri kabla boti hazijarudi naenda kuichukua.